Mtoto wa mbwa anakojoa ndani, anang'ata watoto, analia usiku: tumfungie bandani awe mkali?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Tabata Segerea na mume wangu, watoto wawili (miaka 7 na 4) na dada wa kazi. Wiki mbili zilizopita mume wangu alinunua mtoto wa mbwa barabarani, akaambiwa ana miezi miwili na ni mchanganyiko wa German Shepherd. Tunamtaka awe mlinzi. Shida ni kwamba anakojoa sebuleni. Ukimtoa nje anacheza tu, akirudi ndani ndiyo anakojoa. Jioni anawang'ata watoto miguuni, na juzi alimtoa mdogo damu kwenye kifundo cha mguu. Usiku analia mpaka wapangaji wa nyumba ya pili wamelalamika. Mzee jirani yetu alirukiwa akiwa njiani kwenda msikitini, akalazimika kurudi nyumbani. Mume wangu anasema tumfungie bandani mchana kutwa asizoee watu, ndiyo atakuwa mkali. Fundi aliyetujengea banda anasema tumpe na pilipili. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mkojo na kelele tutavifikia. Tuanze na kifundo cha mguu cha mtoto, maana hicho hakisubiri.

Mbwa wenu alinunuliwa barabarani, mama yake hajulikani, na sidhani kama alikuja na kadi ya chanjo. Akimtoa mtu damu, hata kwa kijino cha maziwa, hilo ni jeraha la mbwa asiyechanjwa. Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama juzi mliosha juujuu tu, osheni tena leo. Msipake mafuta ya taa, kitunguu saumu wala majivu. Kisha mpeleke mtoto hospitali leo hii, umweleze daktari yote uliyoniandikia mimi, aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Atatokea mtu wa kukwambia watoto wa mbwa hawana kichaa. Wanaweza kuwa nacho. Na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Kinachookoa ni kuosha jeraha na kuwahi sindano.

Mbwa mwenyewe msimuue wala msimtupe. Abaki ndani ya fensi yenu, mumwangalie kwa siku 10 tangu siku aliyong'ata. Mbwa ambaye tayari anatoa virusi vya kichaa kwenye mate huugua na kufa katika muda huo. Akimaliza siku 10 mzima, anakula na kucheza, daktari wa mtoto anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano zinaanza kwanza, hazingoji siku hizo ziishe. Mpaka hapo, watu wazima tu ndio wamshike, na yote nitakayoeleza hapa chini yanayomhusisha na watoto au wageni yaanze baada ya siku hizo 10.

Nikija kwa shemeji, nia yake naielewa. Anataka mbwa ambaye mtu akiruka ukuta saa nane usiku atajuta. Tatizo ni kwamba njia aliyoichagua ndiyo itakayomkosesha mbwa huyo. Hayuko peke yake. Hilo ni wazo la Dar nzima, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, kwa hiyo vumilia nilisemee kwa kirefu.

Kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi tangu azaliwe, mbwa anajifunza ni vitu gani vya kawaida duniani. Anachokutana nacho kwa wema katika muda huo hakimshtui tena ukubwani. Asichokutana nacho anakuja kukihofia, na hofu hiyo ni kazi kubwa kuitoa baadaye. Mbwa aliyefungiwa bandani miezi hiyo hatoki akiwa mkali, anatoka akiwa mwoga. Mbwa mwoga akibanwa ana mambo mawili: kukimbia au kung'ata. Kwenu kuna ukuta na geti, pa kukimbilia hakuna. Basi atang'ata, na wala hachagui nani. Atamng'ata mtoto aliyefuata mpira, dada aliyempelekea chakula, au msoma mita. Nimeshona na kufunga vidonda vingi vya mbwa waliopigana na nimesikiliza kesi nyingi za mbwa waliong'ata, na katika hizo kesi mwizi ni nadra kutajwa. Wanaotajwa ni wajukuu, wapangaji na majirani.

Ulinzi wenyewe huja na umri. Kuanzia miezi 6 hivi, na kuendelea hadi mwaka mmoja na nusu, mbwa mwenye damu ya German Shepherd huanza bila kufundishwa kubweka mtu akigusa geti na kusimama kati ya mgeni na watu wake. Kinachomsaidia kufanya kazi hiyo vizuri ni kujua kawaida ikoje: watu wanavyotembea, wanavyobisha hodi, gari la nyumbani linavyonguruma. Anayeijua kawaida ndiye anayemtambua anayenyata.

Pilipili humuunguza koo na tumbo na kumharisha, basi. Bangi, ambayo fundi wenu hakuitaja ila wengine huitaja, ni sumu kwa mbwa, na mtoto wa mbwa inaweza kumpeleka pabaya sana. Tena tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inakataza kumtesa mnyama. Fundi abaki na mbao na bati.

Shemeji akitaka ushahidi wa hapahapa nchini, aulize habari za Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia, anasikia mlio mfupi kisha anapewa ndizi au karanga. Akikosea, hapewi kitu. Fimbo haipo. Panya mmoja wa huko, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na taasisi ya Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua. Ikiwa panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wenu atafundishika kwa dagaa.

Kabla sijaendelea, mkague umri. Wauzaji wa barabarani husema "miezi miwili" kwa kila mbwa anayeweza kutembea. Mfunue mdomo taratibu. Mbwa wa wiki 8 ana meno yote 28 ya maziwa. Wenu mmekaa naye wiki mbili tayari. Kama hata leo magego ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza, basi aliondolewa kwa mama yake akiwa na wiki 4 au 5, na hilo linaeleza mengi. Kipindi hicho ndipo ndugu zake wangemfundisha nguvu ya jino: akimuuma mwenzake kupita kiasi, mwenzake anapiga ukelele na mchezo unakufa hapohapo. Huenda wenu hakumaliza shule hiyo, na darasa limehamia miguuni mwa wanao.

Sasa kuna mgongano ambao lazima niuseme wazi. Daktari wa mifugo atakayemchanja atakwambia mbwa asitoke getini mpaka amalize chanjo za mwanzo akiwa na wiki 16 hivi. Mimi nimekwambia muda wa kuizoea dunia unakwisha kwenye wiki ya 14. Yote mawili ni kweli. Virusi vya pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mbwa koko wanapita mtaani kwenu kila siku. Kwa hiyo atoke, ila asikanyage. Mpakate, au mtie kwenye kikapu cha sokoni, ukae naye barazani dakika 10 au 15. Aone bodaboda, amsikie muuza sumu ya panya na kipaza sauti chake, amwone mwanamke aliyevaa buibui, mzee mwenye bakora, mwanafunzi mwenye begi mgongoni, mwamvuli unaofunguliwa ghafla. Kila kipya kikitokea, apate kipande cha dagaa. Akijikunyata au kugeuza kichwa, sogea naye mbali kidogo mpaka alegee; usimsukumie kitu anachokiogopa ati azoee. Na wageni wakija, kila mmoja ampe kitu mkononi. Shemeji asiogope kwamba mwizi naye atapata urafiki kwa njia hiyo. Mbwa mzima anajua tofauti ya mgeni aliyekaribishwa na mwenyeji na mtu aliyeingia kwa ukuta.

Kuhusu mkojo. Kucheza nje na kukojoa ndani si jeuri. Nje kuna kuku, harufu na majani yanayopeperuka, anasahau kibofu. Akirudi ndani kumetulia, anakumbuka. Na kama alizaliwa kwenye banda la sakafu ya saruji, basi choo anachokijua ni sakafu ngumu, na vigae vyako vinafanana nacho zaidi kuliko mchanga wa uwani.

Chagueni kona moja ya uwani, iwe hiyohiyo kila siku. Apelekwe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila saa moja hivi mchana. Umri wake hauwezi kushikilia mkojo zaidi ya saa mbili au tatu, hata akitaka. Mkifika pale, simama kama mtu anayesubiri daladala: usimwongeleshe, usicheze naye. Akikojoa, mpe dagaa na umsifu palepale, ndani ya sekunde moja au mbili. Zawadi ya kumpa mlangoni imechelewa, yeye ataelewa kwamba amelipwa kwa kurudi ndani. Dakika tano zikipita hajafanya kitu, rudi naye, lakini asiachwe huru sebuleni. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mpakate, au mfunge kamba fupi uishike, kisha baada ya robo saa toka naye tena.

Ukimkuta katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja umshtue, umbebe nje. Ukikuta dimbwi limeshatulia, deki na unyamaze. Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo wa dakika kumi zilizopita hakumfundishi usafi. Anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, na kuanzia hapo atakojoa nyuma ya kochi usikoona. Zulia la sebuleni likunjwe kwa mwezi mmoja au miwili, litakuwa salama zaidi juu ya kabati. Kudeki kwa maji matupu hakutoshi pia, kwa sababu harufu inabaki na inamwita tena. Osha kwa sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jiki usiimwage juu ya mkojo, na kamwe usiichanganye na siki: mvuke wake unaumiza mapafu, ya kwenu na ya kwake.

Mwalimu mkuu wa somo hili si wewe wala shemeji. Ni dada wa kazi, maana ndiye anayeshinda naye. Keti naye umweleze hatua kwa hatua, mfuko wa dagaa ukae mikononi mwake, na kama mfuko wako unaruhusu mwongeze kidogo mwisho wa mwezi. Mmemwongezea kazi ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Nimeona nyumba ambazo mbwa alishindikana mpaka siku dada alipoelezwa kinachoendelea.

Meno sasa. Umesema ni jioni, na neno hilo limenisaidia kuliko yote uliyoandika. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Kwako atalala saa ngapi? Asubuhi kuna pilikapilika za shule, mchana redio na ndoo za kufulia, alasiri watoto wamerudi wanamwamsha wacheze naye. Ikifika magharibi amechoka kupita kiasi. Mbwa mdogo aliyechoka hasinzii. Anapagawa, anazunguka meza mbio, anauma chochote kinachokimbia, na wanao wanakimbia na kupiga kelele, mchezo unanoga. Kwa hiyo tibuni usingizi kwanza. Atengewe kona yenye kivuli na upepo, imezibwa kwa mbao au viti, na kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja watoto wasimkaribie kabisa. Mara nyingi jioni inabadilika ndani ya siku chache tu.

Mkubwa wa miaka 7 anaweza kufundishwa mchezo wa mti: mbwa akija na meno, anasimama wima, mikono kifuani, kimya, macho juu. Mti hauchezi, mbwa anachoka. Wa miaka 4 usimtegemee kukumbuka. Yeye na mbwa wasiachwe peke yao hata dakika moja, na jioni wote wavae suruali ndefu. Kwa watu wazima, jino likigusa ngozi mchezo unakufa: nyanyuka, geuka, ondoka kwa nusu dakika. Ukirudi mpe kitu halali cha kutafuna. Fulana kuukuu iliyofungwa mafundo, ikaloweshwa na kuwekwa kwenye friza, inafaa sana, hasa kuanzia mwezi wa 4 meno ya maziwa yanapoanza kudondoka na fizi kuwasha. Ikifika miezi 6 au 7 atakuwa na meno 42 ya ukubwani. Ndala kuukuu usimpe. Hawezi kutofautisha ndala mbovu na kiatu cha shemeji cha kazini, na kosa litakuwa lenu. Kumfinya mdomo au kumpiga kofi la pua humfanya ama aogope mikono ama aone kwamba mchezo umepamba moto.

Sahani yake isichezewe. Watu humnyang'anya mbwa chakula ili "ajue nani mkubwa", na ndivyo wanavyomfundisha kuilinda sahani kwa meno. Fanya kinyume: anapokula, mtu mzima apite na kuongeza kipande cha nyama. Mkono ukikaribia, neema inakuja.

Kilio cha usiku kina sababu nyepesi. Alikuwa analala ameegemea ndugu zake, sasa yuko peke yake gizani. Mlete chumbani kwenu, ndani ya boksi gumu au tenga lenye tambara, karibu na kitanda. Najua wengine watashangaa mbwa kulala chumbani, na kama hamtaki kabisa, basi mtu mmoja alale karibu na mlango alipo. Si kwa maisha yote. Kila baada ya siku kadhaa boksi lisogee: mlangoni, koridoni, barazani, hatimaye bandani. Kila usiku mtaamka mara moja au mbili kumtoa kukojoa, bila taa nyingi na bila maongezi, kisha arudi kulala. Akilia kidogo tu, subiri. Akilia kwa kupanda, huenda amebanwa, mtoe. Wapangaji wa nyumba ya pili waambieni mapema kwamba mnashughulikia. Watu wa Dar wanavumilia kelele nyingi ilimradi wasione wamedharauliwa. Banda lenyewe liwe na sakafu iliyoinuliwa, paa lisilovuja masika na kivuli cha kutosha, kwa sababu joto la Januari chini ya bati linaua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema.

Mzee wa jirani nenda mkamwone, wewe na shemeji. Waislamu wengi wa mwambao wetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: panapoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa mtu aliyekwisha kutia udhu na anayewahi swala ya jamaa, kurukiwa na mbwa si kero ndogo. Kumwambia "haumi huyo" ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Muombeni radhi, mwambieni geti litafungwa nyakati za swala, na lifungwe kweli. Mbwa wa ulinzi dini inamruhusu, na utakuta Waislamu wengi tu wa Dar wanafuga. Ugomvi unaletwa na mbwa asiyezuiwa. Akianza kulia wakati wa adhana ya alfajiri usimpige. Sauti ndefu inayovutwa huwaamsha mbwa kuitikia, sawa na wanavyoitikia king'ora cha gari la wagonjwa. Siku hizo mwingize ndani, umpe kitu cha kutafuna.

Kuruka watu kunatibika kwa kukaa. Shika dagaa juu ya pua yake, urudishe mkono taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini, mpe. Dakika tatu, mara nne au tano kwa siku, zinatosha. Kisha sheria ya nyumba nzima: hakuna anayemsalimu mbwa mpaka akae. Hapa ndipo mtaharibu msipoangalia, maana nahisi shemeji anasema "sit", watoto wanasema "kaa", na dada anasema "we toka". Chagueni neno moja usiku huu mezani. Neno lolote, ila moja.

Chakula nitapita haraka. Ugali na mchuzi pekee haujengi mfupa wala msuli wa mbwa anayekua. Uchanganye na dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, utumbo au maini ya kuchemsha, yai la kuchemsha. Apewe mara tatu au nne kwa siku, na akifika miezi 6 mara mbili. Unga wenye ukungu usimpikie ukidhani ni wa mbwa tu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inaharibu ini lake upesi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Pilau la sikukuu nalo hapana, kwa kitunguu chake na zabibu kavu zake. Vyote viwili ni sumu kwa mbwa. Unga wa kalsiamu wanaouza kwa ajili ya "mbegu kubwa" usinunue bila daktari, kwani ukizidi hupotosha mifupa.

Minyoo huzaliwa nayo, hupitia kwa mama, na mingine inaweza kuwaingia watoto wako. Apewe dawa kila wiki mbili hadi miezi 3, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kinyesi kiokotwe kila siku na watoto wanawe mikono. Kupe watakuja, Dar hawakwepeki, lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia kipimo. Nimewaona mbwa wakiletwa wanatetemeka na kutoa povu kwa sababu hiyo. Oili chafu ya gari kwa ajili ya upele ni sumu vilevile, atailamba.

Chanjo mchanganyiko, ile yenye kinga ya pavo na homa ya mbwa, ianze sasa na irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa hutolewa akifika miezi 3, kisha baada ya mwaka. Mwambie daktari wa mifugo kuhusu jeraha la mtoto na tarehe yake. Ataamua kama achanje sasa au zile siku 10 ziishe kwanza. Kati ya hapo, akitapika, akakataa chakula na kuhara kinyesi chenye damu na harufu kali, usiende duka la dawa za mifugo kununua vidonge. Anahitaji dripu, na anaihitaji siku hiyohiyo.

Siku ya kwenda, beba kinyesi chake cha asubuhi kwenye kikopo chenye kifuniko, kitapimwa minyoo. Na ukifika kliniki usimshushe sakafuni hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu wagonjwa wa pavo nao wanapita mlango huohuo. Mpakate mpaka mezani kwa daktari.